Waliozaliwa Tofauti: Somo Kutoka Katika Kitabu cha Picha

Miaka michache iliyopita, katika darasa la kipaimara la mtaa mmoja ulio kando ya machimbo ya dhahabu mkoani Geita, tulikuwa tukikagua madaftari ya vijana. Katika daftari moja, nyuma ya ukurasa wenye maelezo ya Amri ya Tano, tulikuta picha iliyochorwa kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa ya mtu mwenye mkia, masikio yaliyochongoka, na vidole vitatu tu katika kila mkono. Tulimwita mwenye daftari tukamuuliza mbele ya wenzake kwa nini anamchora Shetani katika daftari la Neno la Mungu.

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akajibu taratibu: "Mchungaji, huyu si Shetani. Huyu ni Mkristo, tena anasali sana. Watu ndio wanaomwona shetani."

Wenzake walicheka. Sisi tulilichukua lile daftari na kuendelea na kipindi. Katika benchi la mwisho, karibu na dirisha, alikaa binti mmoja mwenye ualbino. Yeye hakucheka. Tutarudi kwake baadaye, kwa maana makala hii inamhusu yeye kuliko inavyomhusu yule wa mkia.

Vitabu ambavyo tuliviona vya kitoto

Sisi tuliokua katika miaka ya 1980 na 1990 hatukuwa wageni wa hadithi za picha. Tulisoma gazeti la Sani kwa kupokezana mpaka karatasi zikalegea. Tuliwacheka Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na jirani anayefanana nao. Tulipokuwa watu wazima, na hasa tulipovaa kola ya uchungaji, tuliviweka vitabu vya namna hiyo kando, tukaviita vya kitoto.

Yule kijana alikuwa na kaka yake, fundi wa mitambo, aliyepewa sanduku la vitabu na mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi. Tulipomrudishia daftari juma lililofuata, tulimwomba atuonyeshe hivyo vitabu. Alituletea vitatu, vimefungwa katika mfuko wa rambo. Tulivisoma usiku ule, na tukaendelea kutafuta vingine. Tuwaeleze kwa kifupi tulichokikuta.

Mwaka 1963, huko New York, Stan Lee na Jack Kirby wa kampuni ya Marvel walianzisha kitabu cha picha kiitwacho X-Men. Kilihusu vijana waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kawaida, waliokusanywa shuleni na mwalimu wao, Profesa Charles Xavier. Kitabu hakikupata wasomaji wengi. Kuanzia mwaka 1970 kilikuwa kikirudia hadithi za zamani tu. Mwaka 1975 Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walikifufua kwa kikosi kipya chenye watu wa mataifa mbalimbali, na muda mfupi baadaye uandishi ukakabidhiwa kwa kijana aitwaye Chris Claremont. Huyu aliandika kwa miaka 16 hivi mfululizo, hadi 1991. Mwaka aliotoka, toleo la kwanza la mfululizo mpya aliouandika pamoja na mchoraji Jim Lee liliuza nakala zaidi ya milioni 8. Filamu nyingi ambazo vijana wetu wamezitazama katika vibanda vya video, na sasa katika simu, zimechota kwenye kisima hicho.

Katika kikosi kile alikuwemo Storm, mwanamke ambaye mama yake ni Mkenya, mwenye nywele nyeupe na uwezo wa kuamuru mvua na upepo. Alikuwemo Mrusi mmoja mkulima, Mkanada mwenye hasira za haraka, na Kurt Wagner wa Ujerumani, yule wa mkia, anayeitwa Nightcrawler. Mwili wake ni wa rangi ya bluu na sura yake inatisha. Mara ya kwanza tunapokutana naye, wanakijiji wanamkimbiza usiku kwa mienge ya moto wakitaka kumuua. Na kweli, kama kijana wetu alivyosema, ni mtu wa sala.

Kwa nini hadithi hizi hazijachakaa? Mashujaa wenye nguvu ni wengi katika vitabu vya picha, na wengi wao hushangiliwa na watu kila wanapopita. Claremont alishikilia jambo jingine kwa miaka yote ile: watu wake wanachukiwa na walewale wanaowaokoa, na wanachukiwa kwa sababu ya namna walivyozaliwa, kabla hawajatenda jema wala baya. Hata adui yao mkubwa, Magneto, mwaka 1981 Claremont alimpa historia ya kuwa mtoto aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kuanzia hapo msomaji hakuweza tena kumchukia kirahisi. Kila anayesoma hulazimika kujiuliza: je, ningekuwa katika kijiji kile usiku ule, ningekuwa nimeshika mwenge?

Swali la wanafunzi wa Yesu

Wapendwa, swali hilo tayari lilikuwa katika Biblia zetu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, Yesu anapita na kumwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wake hawaulizi kama ana njaa au anaitwa nani. Wanauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Kwao mtu yule ni fumbo la kuteguliwa. Yesu anakataa swali lenyewe. Anasema si yeye wala wazazi wake, kisha anafanya tope kwa mate yake na kumgusa macho.

Huku kwetu, Shinyanga na Geita, swali la wanafunzi limeulizwa kwa muda mrefu, na jibu lake limeandikwa kwa panga. Tumezika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Mtu angefikiri kidogo angejua kwamba mwanamke aliyepika kwa miaka hamsini katika nyumba isiyo na dirisha, akitumia kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, macho yake hayawezi kubaki meupe. Moshi uliotulisha sisi ukageuzwa ushahidi dhidi yake.

Na kuanzia mwaka 2006 na 2007 zikaenea habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika kanda yetu ya Ziwa. Wale ambao watu walikuwa wakiwaita zeruzeru, wakisema kwamba hawafi bali hutoweka, sasa waliitwa kwa jina jipya la mtaani: "dili." Tafakari jina hilo. Mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, kama Mwanzo 1:27 inavyofundisha, anapita sokoni na anasikia akiitwa biashara.

Kwa nini ukanda wa dhahabu? Anayeishi Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola anajua jinsi machimbo yalivyo. Watu wawili wanachimba maduara yaliyo hatua kumi kutoka jingine hadi jingine. Wameweka matimba ya aina moja, wamekopa fedha ileile, wameshuka chini kwa miezi ileile. Mmoja anakuta mwamba wenye dhahabu, mwingine anakuta mawe matupu na madeni. Hakuna aliyekosa bidii. Moyo wa mwanadamu hauwezi kuvumilia jambo lisilo na sababu, ndipo mganga mpiga ramli anapoingia na kuuza sababu. Atasema tajiri wa duara la jirani ana kitu. Atasema hata wewe unaweza kukipata. Ndivyo mguu wa mtoto ulivyogeuzwa kuwa kifaa cha machimbo, kama sururu na karasha.

Ukweli wa ualbino ni rahisi, nasi tunapaswa kuusema madhabahuni bila aibu. Mtoto hurithi hali hii kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe wana ngozi nyeusi kabisa. Mwili wake hautengenezi vya kutosha ile rangi inayokinga ngozi na macho. Hivyo jua humchoma na linaweza kumletea saratani ya ngozi, na macho yake huona kwa shida. Basi. Hakuna laana, hakuna uzinzi wa mama, hakuna bahati iliyofichwa mfupani.

Mhubiri aliyeshika bastola

Kati ya vitabu vyote vya Claremont, kimoja kilitukosesha usingizi. Kilitoka mwaka 1982 kwa jina la God Loves, Man Kills, yaani Mungu anapenda, binadamu anaua. Michoro yake ni ya Brent Anderson. Kinaanza kwa watoto wawili weusi, kaka na dada, kuuawa usiku katika uwanja wa shule kwa sababu walizaliwa tofauti. Tuliposoma kurasa hizo hatukufikiria Marekani. Tulifikiria Bukombe na Chato.

Adui katika kitabu hicho hana pembe wala mkia. Ni mhubiri, William Stryker, mwenye sauti nzuri na Biblia mkononi. Hapo zamani alimuua mwanawe mwenyewe siku alipozaliwa, kwa kuwa alimwona si mtoto wa kawaida. Akamuua na mkewe, kisha akajiaminisha kwamba Mungu amemwita kuisafisha dunia. Mwishoni anasimama mbele ya maelfu ya watu, ananyosha kidole kwa Kurt Wagner na kuuliza kama kiumbe kile kinaweza kuitwa binadamu. Msichana mdogo wa kikosi, Kitty Pryde, anasimama kumtetea ndugu yake. Mhubiri anatoa bastola na kumwelekezea yule msichana.

Baadhi yetu tungependa kusema kwamba mwandishi huyo analichukia kanisa. Tusikimbilie huko. Sisi Walutheri hasa tuna sababu ya kunyamaza kwanza. Mwaka 1543 baba yetu wa imani, Martin Luther, aliandika kitabu cha chuki kali dhidi ya Wayahudi. Miaka mia nne baadaye wauaji wa Kinazi walikitumia kujihalalisha. Ilikuwa mwaka 1984, katika mkutano mkuu wa Budapest, ndipo Fungamano la Kilutheri Duniani lilipoyakataa waziwazi maandiko yale. Mtu yuleyule aliyetufundisha neema alitufundisha pia, kwa kosa lake, kwamba mhubiri anaweza kuwasha mwenge.

Nasi hatujawaambia waumini wetu waue mtu. Lakini tumehubiri mara ngapi kwamba kila ugonjwa una dhambi nyuma yake? Tumekaa kimya mara ngapi mwanaume alipomfukuza mkewe kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino, tukasema ni mambo ya nyumbani kwao? Katika Katekisimo Ndogo Luther anaeleza Amri ya Tano kwa namna ambayo haimwachi mtu akiwa amestarehe. Anatufundisha kwamba amri hiyo inadai zaidi ya kutomdhuru jirani: inadai tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa kipimo hicho, anayekaa kimya naye ameivunja.

Tena tuna mfano wa nyumbani unaofanana na vikosi vya vitabuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wananchi wa Kahama na Nzega waliunda Sungusungu. Mwano ukipigwa, kila mwanaume alitoka na upinde wake. Wizi ulipungua, watu wakalala usingizi, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walikuwa mashujaa wetu. Lakini vikosi hivyohivyo, mahali pengi, viliwafukuza na hata kuwaua kina mama wazee waliodaiwa kuwa wachawi. Upinde haumchagulii mtu shabaha. Moyo wake ndio unaochagua.

Mahali ambapo kitabu kinaishia

Tumekisifu kitabu cha Claremont, na sasa tuseme pale kisipotufikisha.

Watu wake waliozaliwa tofauti wana nguvu. Huyu anaamuru mvua, yule anapita katika ukuta, mwingine haumii. Msomaji anafundishwa kuwapenda waliodharauliwa, lakini anapewa rushwa kidogo: wapende, kwa kuwa ndani yao kuna kitu kikubwa. Sasa fikirini, wapendwa, mganga anasema nini juu ya mtoto mwenye ualbino? Anasema neno hilohilo. Anasema ndani ya mwili huu kuna nguvu ambayo watu wa kawaida hawana. Mtoto wetu hakuuawa kwa sababu watu walimwona dhaifu. Aliuawa kwa sababu walimwona ana uwezo.

Kwa hiyo si salama kumwambia mtoto kama huyu kwamba yeye ni malaika, au amebeba baraka za pekee. Tumesikia maneno hayo hata katika mahubiri, yakisemwa kwa nia njema. Claremont mwenyewe alikuwa karibu kuliona jambo hili. Storm, kabla hajaingia katika kikosi, anaabudiwa kama mungu na wenyeji wa Kenya wanaomwomba mvua, na Profesa Xavier anakuja kumwambia kwamba yeye si mungu. Anayeabudiwa na anayewindwa wote wamenyimwa kitu kimoja: kutazamwa kama jirani.

Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ya kwanza humtafuta Mungu palipo na nguvu na fahari. Ya pili humkuta katika mwili uliopigwa na kudharauliwa juu ya mti. Utukufu wa kitabu cha picha ni wa aina ya kwanza, na mashujaa wake wanatushawishi kwa uwezo wao. Msalaba unatuambia kwamba thamani ya mtu haitokani na kitu chochote kinachoweza kutolewa mwilini mwake, kiwe nguvu, akili au mfupa. Inatoka kwa yeye aliyemuumba na kumfia. Hiyo peke yake ndiyo thamani ambayo mganga hawezi kuiuza.

Na hata hivyo, tazameni jinsi kitabu cha mwaka 1982 kinavyoisha. Mhubiri anapoinua bastola, anayemwokoa yule msichana si mmoja wa mashujaa wenye nguvu. Ni askari polisi wa kawaida aliyesimama pembeni, asiye na jina kubwa, anayemfyatulia Stryker risasi. Mwandishi aliyetumia miaka akichora miujiza, kwenye saa ya hatari zaidi, aliuweka wokovu mikononi mwa mtu wa kawaida aliyetimiza wajibu wake.

Nasi tumewaona watu wa namna hiyo. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliingia kwa waganga wa kanda yetu akijifanya mteja, akafichua biashara yao, kisha akalazimika kujificha kuokoa maisha yake. Mwaka huohuo Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Bar'wani akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Josephat Torner, mwenye ualbino, alizunguka vijiji vya kanda hii akizungumza ana kwa ana na watu ambao huenda wangemuua. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama, watu watatu walitiwa hatiani kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Mashahidi walikuwa wamesimama na kusema, ingawa baadaye walirudi kuishi kijijini. Mjini Shinyanga, walimu na walezi wa Buhangija walipokea watoto wengi kupita nafasi iliyokuwepo. Huko Moshi, KCMC inatengeneza mafuta ya Kilisun ya kukinga ngozi na jua. Hicho ndicho kikosi chetu. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12, anakiita mwili wenye viungo vingi, na anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi.

Kazi yao haijaisha. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili aliporwa mikononi mwa mama yake huko Muleba, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa mkoa wetu, akauawa.

Benchi la mbele

Tuliahidi kurudi kwa binti wa dirishani. Tulimweka pale sisi wenyewe. Tulidhani mwanga wa dirisha utamsaidia kusoma. Na tuseme kweli yote: wazazi wawili walikuwa wameomba watoto wao wasikae naye benchi moja, nasi tuliona ni rahisi kumhamisha yeye kuliko kuwafundisha wao. Kwa miezi minne alishindwa kukariri Katekisimo, tukaandika katika kumbukumbu zetu kwamba ni mzito wa kuelewa.

Baada ya kuvisoma vitabu vya yule kijana tulimwita binti pamoja na mama yake, tukamuuliza swali ambalo tulipaswa kumuuliza siku ya kwanza: unaonaje ubaoni? Alijibu: "Sioni kitu, Mchungaji. Jua la dirishani linaniumiza macho."

Tulimwomba msamaha mbele ya darasa lote, kwa kuwa darasa lote lilikuwa limeona kosa. Alihamia benchi la mbele, upande wa kivuli, na mwinjilisti akamnakilia masomo kwa herufi kubwa. Wale wazazi wawili tuliwatembelea nyumbani. Mmoja alitusikiliza. Mwingine alimwondoa mtoto wake darasani, na tunaendelea kumwombea na kumtembelea.

Aliyehama kwanza kwenda kukaa naye benchi la mbele alikuwa yule mchoraji wa kalamu ya bluu. Wote wawili walibarikiwa siku moja, wakapiga magoti pamoja kwenye Meza ya Bwana, wakanywa katika kikombe kimoja. Siku ile tulipompa kijana Biblia yake, tulimkuta ameshika lile daftari tulilowahi kumnyang'anya. Tukamwomba atuonyeshe tena picha ile. Safari hii tuliitazama vizuri, na tukaona jambo ambalo mara ya kwanza hatukuliona: vile vidole vitatu vilikuwa vimekunjwa pamoja kwa sala.